Namba Ileile, Mpangilio Mwingine: Mwongozo wa Kugeuza Baiti, kwa Mfano wa Vilima vya Biharamulo

Anayeandika anwani ya Nyantakara juu ya bahasha huanza na kidogo na kumaliza na kikubwa: Kata ya Nyantakara, Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, Tanzania. Fomu za ofisini huuliza kinyume chake: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Mahali ni palepale na majina ni yaleyale. Karani anayejua fomu yake inaanzia wapi hapotei. Asiyejua ataandika kwamba uko mkoa unaoitwa Nyantakara wenye kata inayoitwa Kagera, na ukikagua herufi mojamoja hutaona hata moja iliyokosewa.

Kosa la namna hiyo ndilo huwapata waandishi wa programu za ngazi ya chini pale data inapotoka kwenye mashine ya aina moja kwenda ya aina nyingine. Kila baiti imefika salama, lakini namba imeharibika. Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayeandika C au Python, unayesoma mafaili ya ramani, mita za umeme wa jua au ujumbe wa mtandao, na unayetaka programu yako iseme ukweli kwenye kila prosesa. Kanuni yenyewe ni fupi, na yote yanayofuata yanaitegemea: usiulize mashine yako inapanga vipi baiti, uliza aliyetengeneza data aliipangaje.

1. Elewa kwanza kinachogeuka

Baiti moja hubeba thamani kuanzia 0 hadi 255. Namba inayozidi hapo huhitaji baiti mbili, nne au nane. Chukua 1300, ambayo inaweza kabisa kuwa urefu wa kilima cha Biharamulo kwa mita. 1300 ni 5 mara 256, ukijumlisha 20. Baiti yake ya juu ni 5 na ya chini ni 20. Kwa heksadesimali ni 05 na 14.

Mpangilio wa kubwa-kwanza huhifadhi 05 kisha 14, kama fomu inayoanza na mkoa. Mpangilio wa ndogo-kwanza huhifadhi 14 kisha 05, kama bahasha inayoanza na kata.

Prosesa za Intel na AMD zilizo kwenye kompyuta zetu nyingi hutumia ndogo-kwanza. ARM inaweza kufanya kazi kwa namna zote mbili, ila simu za Android, iPhone na Raspberry Pi huiendesha kwa ndogo-kwanza. Upande wa kubwa-kwanza walikuwapo Motorola 68000 na SPARC, na mashine kubwa za IBM zimo humo hadi leo. Prosesa za MIPS, zilizojaa ndani ya ruta ndogo za nyumbani, zipo za pande zote mbili. Ruta ya TP-Link TL-WR841N ni mfano mzuri: toleo la 9 lina chipu ya familia ya Atheros inayoendeshwa kwa kubwa-kwanza, na toleo la 13 lina chipu ya MediaTek inayoendeshwa kwa ndogo-kwanza. Jina ni lilelile, lakini ndani ni mashine mbili tofauti.

Itifaki za intaneti nazo zilikubaliana juu ya kubwa-kwanza. Mwaka 1980 mwanasayansi wa kompyuta Danny Cohen aliandika waraka wa kuziombea amani kambi hizi mbili. Majina ya Kiingereza ya kambi hizo aliyachukua kwenye kisa cha Jonathan Swift cha 1726, kinachojulikana kwa Kiswahili kama Safari za Gulliver, ambamo watu walipigana vita juu ya upande wa kupasulia yai. Hoja yake ni kwamba kukubaliana ni muhimu kuliko upande utakaochaguliwa. Dunia ya prosesa haikukubaliana, ndiyo maana kazi hii imetuangukia sisi.

Kuna vitu viwili ambavyo havigeuki, na ukivigeuza utaharibu. Cha kwanza ni biti zilizo ndani ya baiti moja. Cha pili ni maandishi ya UTF-8: neno Nyantakara ni baiti 10 kwa mpangilio uleule kwenye kila mashine.

2. Shika faili halisi

Kujifunza kwa namba za kubuni huchosha, kwa hiyo tutumie ardhi yenyewe. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa nchi kavu kwa rada. Data hiyo inapatikana bure katika mafaili yenye kiambishi .hgt, na yeyote anayetaka kujua mteremko wa bomba la maji au barabara katika wilaya zetu anaweza kuanza nayo.

Kila faili linafunika mraba wa nyuzi moja kwa nyuzi moja, na jina lake ni kona ya kusini-magharibi ya mraba huo. Biharamulo mjini iko ndani ya S03E031, yaani kati ya nyuzi 2 na 3 kusini na kati ya 31 na 32 mashariki. Ngara mjini iko upande wa pili wa nyuzi 31, ndani ya S03E030. Ukiwa Nyantakara, washa GPS ya simu usome: ukishavuka nyuzi 3 kuelekea kusini, faili lako ni S04E031. Ukifanya kazi inayounganisha Ngara na Biharamulo utahitaji zaidi ya faili moja.

Ndani ya faili hakuna kichwa cha habari wala maelezo yoyote. Kuna namba tu, za baiti mbili kila moja, zenye alama ya hasi au chanya, zilizopangwa kwa kubwa-kwanza. Toleo la kina lina safu 3601 zenye namba 3601 kila moja, kwa hiyo ukubwa wake ni baiti 25,934,402. Toleo la wastani ni 1201 kwa 1201, yaani baiti 2,884,802. Kabla ya kufanya lolote, linganisha ukubwa wa faili lako na namba hizo. Usipolingana, faili halikupakuliwa kikamilifu.

Sasa tafuta nukta moja kwenye toleo la kina. Tuseme unataka urefu wa mahali karibu na Biharamulo mjini, latitudo 2.625 kusini, longitudo 31.31 mashariki. Safu huhesabiwa kutoka kaskazini: 2.625 toa 2, mara 3600, unapata safu ya 2250. Nafasi ndani ya safu huhesabiwa kutoka magharibi: 31.31 toa 31, mara 3600, unapata 1116. Mahali pa baiti ni 2250 mara 3601, ongeza 1116, zidisha kwa 2: jibu ni 16,206,732. Zitazame baiti zenyewe kwa macho kabla ya kuandika programu:

xxd -s 16206732 -l 2 S03E031.hgt

Tabia hii ya kuangalia baiti ghafi kwanza itakuokoa mara nyingi kuliko zana nyingine yoyote.

3. Jua sura ya kosa

Msomaji wa ndogo-kwanza akikutana na 05 14 ataisoma kama 5125. Kilima cha mita 1300 kimekuwa kirefu kuliko Mlima Meru, na kimebakiza kidogo kuufikia Kilimanjaro wenye mita 5,895. Nukta ya jirani iliyo juu kwa mita moja tu, 1301, itasomeka 5381, kwa sababu kila mita moja imegeuka kuwa 256. Nukta ya mita 1320 itasomeka 10245, juu ya kila mlima wa dunia. Nukta ya mita 1410 itasomeka -32251, chini kabisa ya sakafu ya bahari. Ramani ya vilima vya upole itakuwa na mabonde na miiba isiyokuwapo.

Hayo ni makosa yanayopiga kelele. Yapo mawili yanayonyamaza, na hayo ndiyo ya kuogopa.

La kwanza ni namba ambayo baiti zake mbili zinafanana. Mita 1285 ni 05 05. Ukiigeuza inabaki 1285. Urefu huo ni wa kawaida kabisa katika eneo letu. Mtu akipima programu yake kwa nukta moja, na bahati mbaya ikawa hiyo, ataondoka akiamini kazi imekamilika.

La pili ni alama ya pengo. Pale ambapo rada haikupata jibu, faili huweka -32768, yaani 80 00. Ikigeuzwa inakuwa 00 80, ambayo ni 128. Pengo limekuwa ardhi yenye urefu wa mita 128, na programu iliyoandikwa kuruka mapengo haitaliona. Hapa tumia ujuzi wako wa mahali: uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mita 128 mahali popote ndani ya Biharamulo ni uongo wa wazi.

4. Andika msomaji asiyejali prosesa

Kwa Python kazi ni nyepesi. Alama ya > humaanisha kubwa-kwanza, < humaanisha ndogo-kwanza, na h ni namba ya baiti mbili yenye alama:

import struct
with open("S03E031.hgt", "rb") as f:
    f.seek(16206732)
    urefu = struct.unpack(">h", f.read(2))[0]

Usiache kamwe kuweka > au <. Ukiiacha, Python itafuata mpangilio wa mashine inayoendesha programu, na matokeo yatabadilika unapohama kompyuta.

Kwa C, jenga namba kutoka kwenye baiti zake kwa kusogeza biti. Katika mifano hii kk ni kubwa-kwanza na nk ni ndogo-kwanza:

uint16_t soma_kk16(const uint8_t *b) {
    return (uint16_t)((b[0] << 8) | b[1]);
}

uint32_t soma_kk32(const uint8_t *b) {
    return ((uint32_t)b[0] << 24) | ((uint32_t)b[1] << 16)
         | ((uint32_t)b[2] << 8) | b[3];
}

uint32_t soma_nk32(const uint8_t *b) {
    return ((uint32_t)b[3] << 24) | ((uint32_t)b[2] << 16)
         | ((uint32_t)b[1] << 8) | b[0];
}

Kuandika ni njia hiyohiyo kwa kurudi:

void andika_kk32(uint8_t *b, uint32_t n) {
    b[0] = n >> 24; b[1] = n >> 16; b[2] = n >> 8; b[3] = n;
}

Angalia vizuri: hakuna mahali ambapo msimbo huu unauliza uko kwenye prosesa gani. Kusogeza biti ni hesabu, na hesabu haibadiliki kati ya Intel na MIPS. Msimbo uleule, bila sharti hata moja, utatoa jibu sahihi kwenye simu, kwenye ruta na kwenye mashine kubwa ya benki. Wala usihofie kasi. Kompaila za GCC na Clang za leo huutambua mtindo huu na kuugeuza kuwa amri moja au mbili za prosesa.

Kwa soketi za mtandao utakutana na htons, htonl, ntohs na ntohl. Hizo ni sahihi kwa namba za bandari na anwani za IP, na unapaswa kuzitumia huko. Kasoro yake ni kwamba zinajua kubwa-kwanza tu. Faili la ndogo-kwanza haliwezi kusomwa kwazo.

5. Epuka mitego mitano

Mtego wa kwanza ni kuchukua kielekezi cha bafa na kukigeuza kuwa kielekezi cha uint32_t. Lugha ya C hairuhusu hilo pale ambapo anwani haikupangwa sawasawa, na baadhi ya prosesa husimamisha programu papo hapo. Kwenye Intel itaonekana inafanya kazi, kisha itakuaibisha kwenye kifaa cha mteja.

Mtego wa pili ni kusahau kubadili aina kabla ya kusogeza kwa 24. Bila (uint32_t), C huichukulia baiti kama int yenye alama, na baiti inayoanzia 80 kwa heksadesimali ikisogezwa hufurika. Matokeo ya kufurika huko hayana dhamana yoyote katika lugha.

Mtego wa tatu ni kusoma faili zima ndani ya muundo wa C kwa mkupuo mmoja. Kompaila huweza kuweka nafasi tupu kati ya sehemu za muundo, na mpangilio wa sehemu za biti humo ndani hutegemea kompaila yenyewe. Soma sehemu mojamoja.

Mtego wa nne ni kugeuza namba ya desimali ikiwa ndani ya kigeugeu cha float au double. Baiti zikishapinduliwa huweza kufanana na thamani isiyo namba, na prosesa nyingine huibadilisha ikipita tu. Geuza ikiwa bado ni uint32_t au uint64_t, kisha ihamishe kwa memcpy.

Mtego wa tano ni kugeuza mara mbili. Mtu mmoja anageuza anaposoma, mwenzake anageuza tena kabla ya kutumia, na namba inarudi ilikotoka. Weka sheria katika timu: namba hugeuzwa mlangoni tu, inapoingia na inapotoka, na ndani ya nyumba ni namba ya kawaida. Waandishi wa kiini cha Linux wanalichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kuzipa namba ambazo hazijageuzwa aina zake, kama __be16 na __le32, na wana zana iitwayo sparse inayopiga kelele mtu akizichanganya.

6. Soma maelezo ya mfumo, maana mengine yamechanganyika

Usidhani kila faili lina mpangilio mmoja. Mipaka ya kata na wilaya husambazwa sana katika mafaili ya shapefile. Kichwa chake kina baiti 100, na kimechanganya pande zote mbili. Baiti nne za mwanzo ni namba 9994 kwa kubwa-kwanza: 00 00 27 0A. Kuanzia baiti ya 24 kuna urefu wa faili, nao ni kubwa-kwanza, na unahesabiwa kwa vipande vya baiti mbilimbili. Baiti nne zinazofuata tu ni toleo, namba 1000, kwa ndogo-kwanza: E8 03 00 00. Koordineti zote za mipaka ni double za ndogo-kwanza. Mwenye kuchagua mpangilio mmoja kwa faili zima atakosea upande wowote atakaochagua.

Picha za TIFF, zikiwamo zile za ramani, hufanya uungwana wa kujitambulisha. Zikianza na herufi II ni ndogo-kwanza, zikianza na MM ni kubwa-kwanza, kisha hufuata namba 42 ya kuthibitisha. PNG ni kubwa-kwanza daima. BMP na WAV ni ndogo-kwanza. Java nayo, ambayo programu nyingi za Android zimeandikwa kwayo, huandika kubwa-kwanza kupitia DataOutputStream hata kama prosesa ya simu ni ndogo-kwanza. Data kutoka kwenye simu, basi, isomwe kwa kufuata aliyeiandika, siyo kwa kufuata chipu yake.

7. Kuwa makini na mita za umeme

Mita na inveta nyingi za umeme wa jua huzungumza Modbus, itifaki ya mwaka 1979. Modbus hutuma rejista za baiti mbili kwa kubwa-kwanza, na hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza pale thamani inapohitaji rejista mbili, kwa sababu itifaki haikusema rejista ipi itangulie, na kila mtengenezaji alichagua lake.

Volti 230 kama namba ya desimali ya baiti nne ni 43 66 00 00. Mtengenezaji anayetanguliza rejista ya chini atatuma 00 00 43 66. Ukiisoma kama kawaida utapata namba ndogo mno ambayo skrini itaionyesha kama sifuri. Fikiria zahanati ya kijijini yenye jokofu la chanjo: umeme upo, jokofu linafanya kazi, lakini skrini ya msimamizi aliye mjini inasema volti sifuri. Fundi atafunga safari kwa ajili ya hitilafu isiyokuwapo. Kibaya zaidi, baada ya mara ya tatu hakuna atakayeiamini skrini hiyo siku umeme utakapokatika kweli.

Dawa ni kusoma kitabu cha kifaa, kisha kuthibitisha kwa thamani unayoijua: pima volti kwa mita ya mkono papo hapo, ulinganishe na kinachosomwa na programu.

8. Jaribu kwenye mashine usiyo nayo

Namba nzuri ya majaribio ni ile ambayo baiti zake zote ni tofauti, kama 01 02 03 04. Ongeza na yenye baiti zinazozidi 7F, kama 80 FF 01 FE, ili makosa ya alama yajitokeze. Usitumie 0, 1285 wala namba yoyote inayojificha.

Huhitaji kununua mashine ya IBM ili kujaribu upande wa kubwa-kwanza. Kwenye Debian au Ubuntu sakinisha vifurushi vya gcc-s390x-linux-gnu na qemu-user, kisha:

s390x-linux-gnu-gcc -static jaribio.c -o jaribio
qemu-s390x ./jaribio

Kompyuta yako ndogo itajifanya mashine kubwa ya kubwa-kwanza. Pakua vifurushi hivyo ukiwa penye mtandao mzuri. Ukishavipata, majaribio yote yanafanyika bila intaneti. Endesha jaribio lilelile pande zote mbili, na usikubali kazi mpaka majibu yafanane hadi baiti ya mwisho.

Maliza kwa kuacha maandishi. Faili lolote unalobuni, itifaki yoyote unayotunga, andika katika maelezo yake mstari mmoja: namba zote ni kubwa-kwanza, au namba zote ni ndogo-kwanza. Chagua moja na usichanganye. Mstari huo ni dakika moja ya kazi yako, na utamwokolea siku nzima kijana atakayeifungua data hiyo miaka kumi baadaye kwenye prosesa ambayo leo haijatengenezwa.

Anayechimba mtaro wa bomba Nyantakara haoni baiti, wala hapaswi kuziona. Anachoona ni karatasi inayosema maji yatashuka kutoka hapa hadi pale. Ni juu yetu tulioandika programu kuhakikisha kwamba karatasi hiyo inasema kweli. Kwa hiyo kabla hujageuza baiti hata moja, fungua maelezo ya data, soma mpangilio wake, na uuandike mahali ambapo mwenzako ataukuta.